Chembe Nyeupe Zikishuka, Usishangilie Bado

Jumanne usiku nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, uliingia ujumbe wa dada mmoja wa Kahama anayenifuatilia hapa. "Shikamoo mwalimu. Damu yangu imerudi kawaida, chembe nyeupe ni 6.2. Hizi dawa siwezi kupumzika kidogo? Macho yanavimba mpaka mume wangu ananiuliza kama nimelia."

Niliiweka kalamu chini. Swali hilohilo niliwahi kuwa nalo mimi, ila sikumuuliza mtu. Nilijijibu mwenyewe, na jibu langu lilinigharimu karibu miaka miwili.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: ninaishi na saratani ya damu, ile aina sugu wanayoiita CML, tangu 2021. Wiki iliyopita karatasi yangu ya kipimo cha jeni imesoma asilimia 0.07. Mniruhusu niringe kidogo. Hiyo namba nimeitafuta kama mtu anavyotafuta kiwanja cha urithi.

Ilianza na kushiba. Matonge mawili ya ugali nimejaa mpaka kooni. Usiku shuka linalowa jasho, mchana sketi inanidondoka kiunoni huku tumbo upande wa kushoto linakuwa gumu kama ubao. Kwenye ofisi ya walimu wakaanza kunipa hongera, wakidhani nina mimba. Wifi yangu yeye alikuja na yake: ninavyokonda hivi nimeukwaa, kaka yake akapime haraka. Hajaniomba radhi mpaka leo, na harusi ya mwanawe nilichangia.

Kumbe lile gumu lilikuwa bandama, limeshuka mpaka usawa wa kitovu. FBP, kile kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu, ikaonyesha chembe nyeupe 214, wakati mtu mzima huwa nazo kati ya 4 na 11 hivi. Yule aliyenisomea aliisoma mara mbili, akatoka nje, akarudi na mwenzake.

Huko Dar daktari alinichorea kromosomu mbili, zile nyuzi zinazobeba jeni, kwenye mgongo wa bahasha. Ya 9 na ya 22 zimekatika, zikabadilishana vipande, na pale zilipoungana vibaya pakazaliwa jeni isiyotakiwa, BCR-ABL, inayoiamrisha damu izaliane bila kusimama. Ile ya 22 iliyobaki fupi ndiyo watafiti Nowell na Hungerford waliigundua mwaka 1960 kule Philadelphia, ikapewa jina la mji wao. Nikapewa imatinib, miligramu 400, mara moja kwa siku pamoja na chakula. Naipata bure kupitia mpango wa msaada, na kila nikikumbuka hilo naona aibu kwa nitakachowasimulia.

Sasa namba zenyewe. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Logarithimu nimezifundisha miaka 11, nikiwaapia watoto kwamba ipo siku watazihitaji, na moyoni siamini. Basi siku ikanifika mimi. Kipimo cha jeni kinahesabu mabaki ya BCR-ABL kwenye damu, na ngazi zake ni za logi. Asilimia 10 umeshuka ngazi moja, asilimia 1 ngazi mbili, asilimia 0.1 ngazi tatu. Asilimia 100 hapo si damu yako wewe. Ni kiwango kilichowekwa kutokana na wagonjwa 30 wapya wa utafiti uitwao IRIS, ili maabara za dunia zisome rula moja. Ndiyo maana karatasi nzuri huandikwa IS, yaani kipimo cha kimataifa, pembeni ya jibu. Bila hizo herufi mbili, namba ya maabara hii na ya maabara ile huwezi kuzilinganisha.

Na ngazi hizo zina ratiba. Miezi mitatu uwe umefika asilimia 10 au chini. Miezi sita, 1. Mwaka, 0.1. Anayewahi kushuka huwa na matumaini makubwa zaidi ya kuishi miaka mingi, ndiyo maana madaktari wanaikazia macho ile ya miezi mitatu.

Mimi miezi mitatu nilisoma 14.

Nililia kwenye basi kutoka Ubungo mpaka Chalinze, konda akaniletea maji. Lakini daktari hakubadilisha dawa. Alisema namba moja haihukumu mtu, turudie baada ya mwezi. Ikarudi 8. Miezi sita 1.4, mwaka 0.6. Nachelewa, lakini nashuka. Chembe nyeupe zenyewe zilikuwa kawaida tangu wiki ya sita, na bandama lilisharudi ndani ya mbavu.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya kwa malaria tu, wakanipima damu, na mhudumu akaniambia kwa furaha ya kweli, "Mama, damu yako safi kabisa, umepona." Nilitaka sana kusikia hilo neno. Nilikuwa nimechoka na kichefuchefu, na misuli ya vigimbi inayokaza saa nane za usiku, na uso wa mtu aliyetoka msibani. Nikasema nipumzike wiki moja. Wiki ikazaa wiki. Vidonge vikakaa kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, na mume wangu nikamdanganya kwamba nameza shuleni.

Wiki tisa. Kila nikipima FBP, safi. Nilikuwa naringa hata kanisani. Niliporudi Dar kwa kipimo cha jeni, karatasi ilisoma 11.

FBP ya siku hiyohiyo ilikuwa kawaida. Chembe nyeupe 7.1! Ningekuwa naifuata ile peke yake ningeendelea kutoa ushuhuda mpaka bandama linidondokee miguuni. Ndugu zangu, hilo ndilo ninalotaka mlishike: FBP ni ngazi ya kwanza kabisa. Inaweza kukaa kimya huku jeni inazidi kupanda. Ulizeni kipimo cha jeni, na mkipewa FBP, ulizeni tena.

Daktari hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliagiza damu yangu ichunguzwe kama jeni imejibadilisha, maana ikijibadilisha imatinib inaweza kugonga mwamba. Kuna badiliko liitwalo T315I ambalo linaishinda hata baadhi ya dawa zilizokuja baadaye. Majibu yalichukua wiki nyingi. Sitazielezea hizo wiki. Badiliko halikuwepo.

Baadaye niliusoma utafiti wa London uliochapishwa 2010. Wagonjwa 87 walipewa chupa za dawa zenye vifuniko vinavyorekodi kila vinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi, uwezekano wao wa kufika ngazi ya tatu ndani ya miaka sita ulikuwa asilimia 94.5. Waliomeza 90 au pungufu, 28.4. Hebu piga hesabu: asilimia 90 ya mwezi ni kukosa vidonge vitatu. Vitatu tu! Na mimi niliacha 63.

Najua mtakachosema, maana sote tunaota jambo lilelile: siku ya kuacha dawa kwa ruhusa. Ipo. Lakini ni ya waliofika chini kabisa, 0.01 au pungufu, wakakaa hapo miaka angalau miwili, na wakiacha hupimwa jeni kila mwezi mwanzoni. Na bado karibu nusu yao huirudia dawa. Wewe uliye na 6.2 ya chembe nyeupe, mdogo wangu, hujafika hata kwenye foleni ya hiyo ruhusa.

Kwa hiyo meza dawa. Ukivimba macho sema kliniki, zipo njia. Andika namba zako kwenye daftari, la kwako, faili hupotea. Mimi faili langu limepotea mara mbili. Damu ya jeni haitakiwi kuchelewa njiani, basi panga safari yako uwahi asubuhi. Na uliza mashine iko wapi, maana GeneXpert ileile tuliyoizoea kwa kifua kikuu inayo katriji ya kupima BCR-ABL. Na meza dawa. Nimeshasema? Nasema tena.

Nilimjibu dada wa Kahama karibu haya yote kwa sauti, dakika kumi na nne, mpaka mume wangu akaniambia nimwache alale. Nikamwomba anitumie picha ya majibu yake ya jeni nimsaidie kuyasoma. Jana jioni picha ikaja, imepigwa vizuri, juu ya kitambaa cha meza chenye maua.

Ilikuwa FBP.