Sashe hazina pa kwenda, vile mimi nafanya nyumbani

Mimi nakaa Kadutu, hapa Bukavu, Kongo, huku mlimani kwenye nyumba zimebanana, na kanivo, mfereji wa maji machafu, inapita nyuma ya jikoni. Miaka mingi sashe zote, hii mifuko ya plastiki ya sokoni, nilikuwa natupa humo, mvua ikinyesha inabeba, basi, nasema zimeenda. Zimeenda wapi? Zinashuka mto Kawa, Kawa inaingia ziwa Kivu, maji ya ziwa yanatokea mto Ruzizi, na pale kwenye barage, bwawa la umeme, watu wanachota chupa na sashe karibu kila siku. Halafu umeme ukikatika wa kwanza kulalamika ni mimi.

Usiku moja maji yakarudi nyuma, yakaingia ndani mpaka chini ya kitanda. Asubuhi nikaingiza mkono kwenye tiyo, bomba la kanivo, nikavuta, zikatoka zimejisokota kama kamba: za chumvi, za sukari, pamperse za mtoto, na moja ya unga ambayo nilijua kifundo chake, mimi nafunganga hivyo, mara mbili na kuacha masikio.

Basi nikaanza. Chupa si shida, mama wa mafuta ya ngazi, yaani ya mawese, ananunua, ila yenye iliweka petroli usimpe. Bido, madumu ya plastiki, hata sisemi, nani anatupaga bido Bukavu? Shida ni sashe, hakuna anayenunua. Nikagundua zinanuka kwa sababu tunazichanganya na maganda na mabaki ya bugali. Sasa maganda yanaenda kwa dende, wale simbilisi tunaofuga, sashe nasuuza na maji yaliyooshea vyombo, naanika kwenye kamba na nguo, zikikauka naweka kwenye mfuko nyuma ya mlango, mwezi mzima hakuna nzi hata moja.

Mfuko ukijaa watoto wanashindilia kwenye chupa za lita 1.5 na kijiti, mpaka iwe ngumu kama tofali. Pima: ikikosa kufika kama gramu 500 bado ni laini, ukikalia inabonyea. Ya kwanza niliharakisha nikatia sashe mbichi, wiki mbili ndani kukawa kijani na harufu, nikaitoa. Nilifunga chupa 12 pamoja na kapira, ukanda wa mpira wa tairi, ndiyo kiti cha jikoni sasa. Usiziache juani, chupa inapasuka-pasuka na unarudi kule kule.

Kuwasha mbabula, jiko la makaa, na sashe acha kabisa. Najua inashika haraka, mimi pia nilikuwa nafanya, lakini ule moshi unaingia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kwenye kifua cha mtoto aliyekaa pembeni. Magunzi makavu yanawasha vizuri tu, vumilia dakika mbili.

Pamperse, kusema kweli, sijapata dawa. Nilirudi kwa vitambaa mchana, usiku nimeshindwa.

Na afadhali sashe isiingie nyumbani. Dekre, amri ya serikali, ya mwisho wa 2017 inazikataza hapa kwetu, ukienda sokoni utacheka, wakati ng'ambo ya Ruzizi Warwanda wamezikataa tangu 2008 na kwenye mpaka wanakunyang'anya. Mimi naenda na kikapu na sahani ya mfuniko ya kutilia ndagala, yaani dagaa. Siku ya kwanza mama anayeuza ndagala aliniangalia, “Eh dada, sashe yangu imekukosea nini?” Sasa akiona sahani anaijaza, anaongeza matabishi, nyongeza ya bure, kiganja kizima, anasema ni bei ya sashe yenye sikuchukua.