Povu la dawa ya miti si lazima liwe sabuni

Dada, umeuliza kama yule mzee wa dawa wa soko la Gikomba alikutilia sabuni kwenye unga wa magome, kwa vile ukiutikisa na maji chupa inafura povu hadi kifunikoni. Mimi hufanya kazi kwenye maabara ya kemia hapa Nairobi, na hiyo tunaiona kila mara. Uwezekano mkubwa ni saponini ya mti wenyewe: molekuli yenye sukari inayopenda maji upande mmoja, na kiini kinachopenda mafuta upande wa pili. Sabuni nayo hutoa povu kwa njia iyo hiyo.

Kamulia ndimu uone. Povu la sabuni ya kipande litakufa, la saponini kwa kawaida litabaki. (Sabuni ya unga haitishwi na ndimu, kwa hivyo mzee bado hajaponyoka kabisa. Nusa kama ina harufu ya sabuni.)

Lakini hilo la kwamba povu jingi ndiyo nguvu ya dawa, hapo alikuuzia maneno. Saponini nyingi zikikutana na damu ana kwa ana hupasua seli nyekundu. Ukizimeza, utumbo ndio hukuponya, maana haupitishi ila kidogo sana. Samaki hana kinga hiyo, matamvua yake yako wazi majini, ndiyo maana wavuvi wa zamani walitwanga mimea hii kumlevya. Konokono pia: mwaka 1964, Aklilu Lemma wa Ethiopia aliona konokono wa kichocho wamekufa mtoni pale watu walipofulia nguo kwa matunda ya endodi, mmea wenye saponini.

Sisemi ni sumu tupu. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya 2019, ina saponini ya magome ya mti wa Chile, mikrogramu 25 kwa dozi ya mtoto, tena imechanganywa na kolesteroli ili isipasue seli. Wewe umeambiwa kijiko kizima, cha mti usiojulikana! Wamaasai wakitumia olmukutan kutoa minyoo, angalau wanajua ni mti gani, na kwamba utaendesha.

Mrudie mzee akutajie mti, hata kwa lugha yake, uandike jina hapa. Kabla ya hapo usimpe mtoto, na kama una mimba au unameza dawa za presha, usiguse.