Mashairi mawili, hoja moja: insha ya ulinganisho katika mtihani wa fasihi ya Kiingereza

SWALI

Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu anasoma shule ya mtaala wa Uingereza hapa Kampala, na anajiandaa kwa mtihani wa fasihi ya Kiingereza wa International GCSE wa Edexcel, bodi ya mitihani ya Uingereza. Nyumbani tunaongea Kiswahili, lakini Kiingereza chake ni kizuri na mashairi anayapenda kwa dhati. Shida ni insha ya kulinganisha mashairi mawili. Kila mara inarudi na alama 15 au 16 kati ya 30, na pembeni mwalimu wake ameandika kwa wino mwekundu kwamba alinganishe zaidi. Mtoto anasisitiza kwamba amelinganisha. Nimenakili aya moja na kuitia kwa Kiswahili uione:

“Mashairi yote mawili yanahusu kifo. Katika ‘Remember’, Rossetti anatumia takriri ya neno ‘remember’ ili kusisitiza kwamba anataka kukumbukwa. Vilevile katika ‘Do not go gentle into that good night’, Thomas anatumia takriri ili kusisitiza kwamba baba yake apigane na kifo.”

Kosa liko wapi hapo? Na pale swali linapotaja shairi moja tu, la pili alichague kwa kigezo gani?

Mama, Ntinda

JIBU

Mama, aya hiyo haina uongo, na nadhani hicho ndicho kinachomchanganya binti yako. Takriri, yaani kurudiwa kwa maneno, ipo kwenye mashairi yote mawili, kifo kipo, na baba yupo. Lakini chukua mkasi uikate aya hiyo katikati, hapo kwenye “vilevile”. Utapata vipande viwili, na kila kimoja kinasimama chenyewe bila kumhitaji mwenzake. Kuna uchambuzi mfupi wa shairi la Christina Rossetti, kisha uchambuzi mfupi wa shairi la Dylan Thomas, na kiunganishi kimoja kimesimama katikati yao. Msahihishaji anajua sasa kwamba mashairi haya yana kitu kinachofanana. Hajaambiwa mfanano huo unatufundisha nini.

Katika mtihani wake, alama 30 za swali hili zimegawanywa nusu kwa nusu: 15 ni za kuchambua lugha, umbo na muundo, na 15 ni za kuonyesha uhusiano kati ya matini. Mtoto anayechambua vizuri na kulinganisha kwa kugusagusa ataendelea kubaki pale alipo. Jambo jingine la kumwambia mapema: swali hili halina alama za historia ya mshairi wala zama zake. Wanafunzi wengi hupoteza aya nzima wakieleza maisha ya mtunzi, kwa sababu wamesoma miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya mtihani wa AQA, bodi nyingine ya mitihani ya huko Uingereza, ambako muktadha hupewa alama 6 kati ya 30. Miongozo hiyo imejaa intaneti na ni mizuri kwa waliolengwa. Yeye asiifuate kwa hilo.

Turudi kwenye aya. Kifo ni mada, na mada peke yake haimpi mtu cha kubishania. Kabla hajaandika sentensi ya kwanza, binti yako atafute swali ambalo mashairi yote mawili yanalijibu, kila moja kwa namna yake. Kwa haya mawili, mimi ningeanza na nani anazungumza na nani. Kwa Rossetti, nafsineni ni mtu anayejiandaa kufa, na nafsinenewa ni mpenzi atakayebaki. Kwa Thomas, nafsineni ni mtoto atakayebaki, na nafsinenewa ni baba anayekufa. Ni kama wamekaa pande mbili za kitanda kimoja cha mgonjwa. Swali linajitokeza lenyewe hapo: anayeondoka na anayebaki, kila mmoja ana haki ya kumwomba mwenzake nini?

Ukishakuwa na swali hilo, ile takriri aliyoiona binti yako inaanza kusema mambo mengine kabisa. Mkae pamoja mhesabu. Shairi la Rossetti ni soneti, mistari 14, na neno “remember” limo mara 5. Mara 3 zipo katika mistari 8 ya mwanzo, na zote 3 ni ombi lenye mwenyewe: “Remember me”, kisha tena “Remember me”, kisha “Only remember me”. Mstari wa 9 unafunguliwa na “Yet”, na hapo shairi linageuka. Baada ya hapo neno linarudi mara 2 tu, na mara zote 2 halifuatwi tena na “me”. La mwisho kabisa limefungwa pamoja na huzuni: “remember and be sad”. Neno lililoanza kama ombi limemalizika kama mzigo ambao msemaji hataki mpenzi wake aubebe, na mstari unaotangulia umeshasema kwamba ni heri asahau na kutabasamu. Kwa hiyo Rossetti hasisitizi. Analegeza kamba, kidogo kidogo, kwa neno lile lile alilolishikia tangu mwanzo. Maneno “ili kusisitiza” katika aya ya binti yako yanakwenda kinyume na shairi, na kwa bahati mbaya ndiyo maneno ambayo watahiniwa huyatumia kila wakionapo takriri.

Kwa Thomas mambo yanakwenda upande wa pili. Umbo lake ni vilaneli: mistari 19, beti 5 za mistari mitatu mitatu na ubeti mmoja wa mistari minne. Mistari 2 ndiyo inayorudi, kila mmoja mara 4. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili atakifikiria kibwagizo mara moja, na si vibaya, ila hapa vibwagizo ni viwili, vinapokezana kufunga beti, kisha mwishoni vinakutana. Sasa angalieni sarufi. Katika ubeti wa kwanza mistari hiyo ni amri. Katika beti 4 zinazofuata, Thomas anawaleta wenye hekima, watu wema, watu wa vurugu na watu wazito, na maneno yale yale, bila kubadilishwa hata moja, yanakuwa maelezo: watu hawa hawaendi kwa upole, watu hawa hukasirika. Ni mashahidi wanne. Kisha inakuja “And you, my father”, na maneno yanageuka kuwa amri tena, safari hii yakimwelekea mtu mmoja aliye mbele yake. Takriri ya Thomas inakaza kila inapopita.

Mstari wa insha umepatikana: wote wawili wanarudia maneno ya kuamrisha, lakini amri ya anayekufa inapungua nguvu kila inaporudi, ilhali amri ya anayebaki inazidi. Aya ya binti yako ikiandikwa upya ingekuwa na sura kama hii, ambayo yeye ataiweka kwa Kiingereza chake mwenyewe:

“Rossetti na Thomas wote wanajenga mashairi yao juu ya amri inayorudiwa, lakini anayekufa anaiachilia amri yake, ilhali anayebaki hawezi. Mara tatu za kwanza msemaji wa Rossetti anasema ‘remember me’; baada ya ‘Yet’, ‘remember’ halifuatwi tena na ‘me’, na lile la mwisho linaambatana na ‘be sad’, kana kwamba ameanza kuona kile ambacho ombi lake litamgharimu mpenzi. Mtoto wa Thomas hampi baba yake nafuu ya namna hiyo. Kiitikio kilichoeleza tu jinsi wengine wanavyokufa kinarudi kuwa amri pale anapotajwa ‘my father’. Soneti ina mahali pa kugeukia, na Rossetti anageuka. Vilaneli inamrudisha Thomas kwenye mistari ile ile miwili, na shairi linaisha bila yeye kukubali.”

Jaribuni mkasi tena. Ukikata popote, sentensi za upande mmoja zinabaki na pengo. “Nafuu ya namna hiyo” haina maana bila Rossetti. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu: funika jina la shairi moja kwa kidole, soma sentensi yako ya kwanza ya aya, na kama bado imekamilika, hujalinganisha.

Kuna walimu wanaofundisha kurukaruka, sentensi moja ya shairi hili na moja ya lile, hadi mwisho wa ukurasa. Siipendi njia hiyo. Inazaa insha yenye kwikwi, na hakuna mstari unaopata kuchambuliwa kwa kina. Mbaya zaidi ni ile ya kumaliza shairi la kwanza lote, kisha la pili lote, kisha kuubandika ulinganisho kwenye hitimisho wakati saa imekwisha. Afungue kila aya kwa sentensi inayoyabeba mashairi yote mawili, akae na la kwanza muda wa kutosha kuonyesha neno moja au mawili kwa karibu, kisha avuke kwenda la pili akiwa amebeba kile alichokipata. Neno la Kiingereza “whereas”, likikaa katikati ya sentensi, linafanya kazi kubwa kuliko “however” au “similarly” mwanzoni mwa sentensi mpya, kwa sababu linailazimisha sentensi moja kushika pande zote mbili.

Aya 3 za namna hiyo zinatosha. Karatasi yake ni ya saa 2 na alama 90, kwa hiyo swali la alama 30 lina haki ya dakika 40. Dakika 10 kati ya hizo ni za kusoma na kupanga, na mashairi anapewa ndani ya chumba cha mtihani, kwa hiyo jioni anazotumia kukariri mistari azitumie kufanya kile tulichokifanya hapa: kuzungushia vitenzi, viwakilishi, na mahali shairi linapogeuka. Mpango wenyewe uwe sentensi 3, kila moja ikiwa na “lakini” ndani yake. Jedwali la safu mbili, mfanano huku na tofauti kule, linapendeza kwenye daftari, ila mara nyingi linazaa orodha.

Neno kuhusu vina. Mtoto aliyelelewa kwenye ushairi wa Kiswahili ana sikio la vina na mizani, na huwa anashawishika kuvihesabu na kuishia hapo. Kuandika kwamba soneti ya Rossetti inaanza na vina vya ABBA (mstari wa 1 na wa 4 vina kina kimoja, wa 2 na wa 3 kingine) hakumletei chochote kama hajasema vinafanya nini. Lakini sikio hilo ni mali. Asome kwa sauti mwisho wa mistari ya Thomas. Shairi zima lina vina 2 tu, na maneno yanayovianzisha, katika mstari wa 1 na wa 2, ni “night” na “day”. Usiku na mchana vinapokezana hadi mwisho, ndani ya shairi la mtu anayemkataza baba yake asiingie gizani, na kina cha mwisho kabisa kinaangukia kwenye “light”, katika mstari unaosema nuru inakufa. Hilo ni jambo la kuandikwa.

Nije kwenye swali lako la pili. Swali likitaja shairi moja, wengi hukimbilia lile wanalolipenda au lenye mada iliyo karibu. Bora achague shairi ambalo msemaji wake yuko katika hali ile ile na anafanya jambo tofauti nayo. Tuseme swali limetaja “Half-caste” la John Agard na linahusu utambulisho. Mwenzake mzuri ni “Search For My Tongue” la Sujata Bhatt. Katika yote mawili msemaji anamkabili “you” ambaye hamwelewi. Kwa Bhatt, huyo “you” ndiye aliyeuliza, na shairi linaanza kwa “You ask me what I mean”. Msemaji anajibu, anaeleza, hadi Kigujarati chenyewe kinajitokeza katikati ya ukurasa kwa maandishi yake. Kwa Agard, msemaji anakataa kuulizwa. Anamgeuzia mwenzake: “Explain yuself / wha yu mean”. Mmoja anatoa maelezo, mwingine anayadai, na kila mmoja anafanya hivyo kwa lugha ambayo shule ya Kiingereza isingemruhusu. Binti anayeongea Kiswahili nyumbani, Kiganda sokoni na Kiingereza darasani atasikia mengi hapo kuliko wenzake wengi. Asijiweke mwenyewe kwenye insha, ila sikio alitumie.

Mashairi ya orodha yake ni 16. Kwa kila moja aandike wenzi 2, na chini ya kila jozi sentensi moja yenye “lakini”. Wikendi hii aanze na “Piano” la D.H. Lawrence na “Poem at Thirty-Nine” la Alice Walker. Yote ni ya mtu mzima anayemkumbuka mzazi, mmoja mama na mwingine baba. Aangalie kumbukumbu inamfanya nini kila mmoja anapofika mstari wa mwisho: nani analia kama mtoto, na nani amekuwa mtu mzima ambaye mzazi wake angemstahi. Sentensi akishaiandika, nitumie niisome.