Swali la lugha: Hao "Wahindi wa Meksiko" ni akina nani?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nakuandikia kutoka Morogoro. Juzi tulikuwa tunasikiliza kipindi cha michezo redioni kuhusu Meksiko na Kombe la Dunia la 2026. Mtangazaji akasema Wameksiko wanajivunia timu yao 'kama wanavyojivunia urithi wa Wahindi Wekundu, wenyeji wa nchi hiyo'. Binti yangu wa darasa la tano akauliza: 'Baba, Wahindi walifikaje huko?' Nikakosa jibu. Kwa Kiswahili fasaha watu hawa tuwaiteje: Wahindi, wenyeji, wazawa au makabila? Halafu katika kutafutatafuta nikakutana na sentensi isemayo 'ulama bado unachezwa Sinaloa'. Si kosa la chapa hilo? Nijuavyo mimi, maulamaa hawachezwi."

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Sentensi yako ya mwisho ilinifanya nipaliwe na chai, na nitaifikia. Kwanza binti.

Mwambie hawakufika. Mwaka 1492 Columbus alishuka kwenye visiwa vya Karibi akiamini amefika pembezoni mwa Asia, huko Wazungu wa zama zake walikokuita "Indias", basi watu aliowakuta akawaita "indios". Kosa lilipogundulika jina lilikwishazoeleka. Baadaye wasemaji wa Kiingereza wakaongezea rangi, nasi tukalipokea jina zima kutoka kwao, kosa na rangi yake, tukasema "Wahindi Wekundu".

Kwa Kiswahili jina hilo lina dosari mbili. Mhindi tayari ana mwenyewe. Ukilitamka, anayekuja akilini mwa msikilizaji ni mtu wa Gujarat au Mumbai, au jirani yetu wa Upanga ambaye ukoo wake uko Dar es Salaam kwa vizazi vitatu. Mkulima wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, haji hata kwa kusukumwa. Dosari ya pili ni huo wekundu. Sisi tuna namna yetu ya kutaja rangi za watu: fulani mweusi, fulani mweupe, fulani maji ya kunde. Mtu wa milima ya Puebla akishuka leo stendi ya Msamvu, utamsikia kila mpiga debe akisema ni maji ya kunde, na hapatakuwa na ubishi. Wekundu hatukuuona kwa macho yetu, tumesimuliwa. Ongeza na hili: huko Meksiko kwenyewe neno "indio" mara nyingi hurushwa kama tusi. Anayetaka kusema kwa heshima husema "indígena".

Lakini kabla hatujamcheka Columbus, tujitazame. Mahindi asili yake ni Meksiko. Watu wa bonde la mto Balsas, kusini magharibi mwa nchi, walianza yapata miaka 9,000 iliyopita kuchagua mbegu za nyasi pori iitwayo teosinte, yenye kisuke cha punje chache ngumu, wakaichagua kizazi baada ya kizazi mpaka ikawa gunzi lililojaa. Baada ya safari ndefu za baharini nafaka hiyo ikafika pwani yetu, na wahenga wetu wakaiita mahindi, kana kwamba imetoka Bara Hindi! Columbus alikosea watu, sisi tukakosea chakula chao. Hatuko peke yetu, maana Waturuki mahindi huyaita "mısır", yaani Misri, na bata mzinga, ndege ambaye naye alifugwa kwanza Meksiko, humwita "hindi". Kwa hiyo ukinunua muhindi wa kuchoma pale stendi usiku, ukapakwa ndimu na pilipili, jua kwamba mtu wa Mexico City naye anapakwa ndimu na pilipili kwenye wa kwake. Hata hiyo pilipili imetoka kwao. Jina la mahindi limeshakomaa na sipendekezi mtu aliguse. La watu bado tunaweza kulirekebisha.

"Wenyeji" lingekuwa neno zuri sana kama si mpira. Mwenyeji ana maana mbili: mtu wa mahali, na mtu anayepokea wageni. Katika kurasa za michezo maana ya pili imeimeza ya kwanza. "Wenyeji Meksiko" ni timu iliyo nyumbani, kama ilivyopangwa kufungua Kombe la 2026 dhidi ya Afrika Kusini kwenye Uwanja wa Azteca. Mwaka 2010 mjini Johannesburg mambo yalikuwa kinyume: wenyeji walikuwa Afrika Kusini, Tshabalala akafunga, Márquez akasawazisha, ikaisha 1-1. Sasa mtangazaji anaposema kwa pumzi moja "urithi wa wenyeji" na "wenyeji wanashambulia", msikilizaji ana haki ya kupotea. Dawa yake ni neno moja tu: wenyeji asilia. Ukipenda, jamii asilia. Yote mawili ni sahihi, na mimi kalamu yangu huangukia la pili zaidi. Angalia tu usiandike "wenyeji asili". Asili ni nomino, asilia ni kivumishi. Ukitaka kutumia nomino, iunganishe: watu wa asili.

"Wazawa" sikushauri. Mzawa ni aliyezaliwa mahali, na Wameksiko karibu wote wamezaliwa Meksiko. Isitoshe, kwetu Tanzania neno hili lina historia yake. Wanaokumbuka mijadala ya uzawa ya miaka ya 1990 wanajua lilikuwa likimtenga nani na nani katika biashara, na mmoja wa waliotengwa alikuwa ni huyohuyo Mhindi wetu. Ukilipeleka Meksiko litabeba mizigo isiyohusika.

"Kabila" si tusi kwa Kiswahili. Tunaulizana kabila kwenye daladala na tunataniana kwalo misibani. Kabila la Wazapoteki, sawa. Lakini kwa watu hao wote kwa pamoja neno linabana, kwa sababu sensa ya Meksiko ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 23 wanaojitambulisha kuwa wa jamii asilia, huku wanaozungumza lugha za jamii hizo wakizidi kidogo milioni 7. Lugha zenyewe zinazotambuliwa ni 68. Wengi wamebaki na utambulisho lugha ikiwa imewaponyoka, jambo ambalo wazazi wengi wa mijini hapa kwetu hawahitaji kuelezwa.

Haya yote ni ya pale unapolazimika kusema kwa ujumla. Unapoweza, taja jina lenyewe. Kiswahili kimejaliwa hapa kuliko lugha nyingi: bandika m- na wa- kwa watu, ki- kwa lugha, kazi imekwisha. Mnahua, Wanahua, Kinahuatl. Mmaya, Wamaya, Kimaya. Benito Juárez, rais wa Meksiko kati ya 1858 na 1872, alikuwa Mzapoteki wa kijiji cha Guelatao, na Kihispania alijifunza akiwa mtoto mkubwa baada ya kushuka mjini. Sentensi kama hiyo ina mtu ndani yake. "Rais Mhindi" haina.

Pale tunapopata taabu ni kwa watu waliojenga Tenochtitlan, mji ambao mabaki yake yako chini ya Mexico City ya leo. Vitabu huwaita Waazteki, jina lililoenea zaidi katika karne ya 19. Wenyewe walijiita Mexica, na x yao ilitamkwa sh: Me-shi-ka. Sasa jaribu kuwaswahilisha kwa sauti. Wingi wake unakuwa Wameshika! "Wameshika walijenga mji juu ya ziwa." Msomaji atauliza, wameshika nini? Umoja ndiyo balaa zaidi, "Mmeshika", utadhani unawauliza watu kama wameshika kamba. Nimelitafakari hili kwa miaka, na nimeamua kubaki na "Wamexica" kwa x yake, ingawa herufi hiyo haimo katika alfabeti yetu. Au sema watu wa Mexica, uwe salama.

Mtu asiseme majina haya ni ya mbali mno kuyahangaikia. Sisi wenyewe tuna ndugu tunaowaita Wambulu, kwa jina la mahali, ilhali wao hujiita Wairaqw. Na Mbulu ina kumbukumbu yake Meksiko. Ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, jua likiwa limezama. Kwenye michezo hiyohiyo Wakenya Naftali Temu na Kipchoge Keino walipata dhahabu, katika mji ulio mita 2,240 hivi juu ya bahari.

Katika mbio ndefu Meksiko ina watu wake wa milimani, Wararamuri wa jimbo la Chihuahua. Vitabu vingi huwaita Tarahumara, lakini hilo ni jina lao lilivyoharibikia kinywani mwa Wahispania. Mwaka 2017 María Lorena Ramírez wa jamii hiyo alishinda mbio za kilomita 50 huko Puebla akiwa amevaa sketi yake ya kila siku na viatu ambavyo watafsiri wetu hung'ang'ania kuviandika "huarache". Jamani, soli ya mpira wa tairi, kamba za kufungia mguuni. Hizo ni katambuga! Kenya wataziita akala. Neno tunalo, limekanyaga miiba yote ya nchi hii, halafu tunalificha ili tuonekane tumesafiri.

Kuhusu jina la nchi nitasema kidogo. Meksiko ndiyo tahajia ya Kiswahili na ndiyo ninayoitumia. Magazeti yakiandika Mexico sigombani nayo, ila tu uchague moja. "Wamexico wa Meksiko" katika aya moja ni uzembe. Timu yao, El Tri, usiigeuze kuwa "Watatu". Tri ni kifupi cha rangi tatu za bendera: kijani, nyeupe, nyekundu. Na Uwanja wa Azteca ubaki Uwanja wa Azteca. Ukisema "Uwanja wa Waazteki" msikilizaji atadhani walioujenga ni wao, kumbe ulifunguliwa 1966.

Sasa ulama. Si kosa la chapa. Ni mchezo wa mpira wa jamii asilia ambao bado unachezwa katika jimbo la Sinaloa, kaskazini magharibi mwa Meksiko. Katika namna yake mashuhuri mpira hupigwa kwa nyonga, hauguswi kwa mkono wala mguu, na una uzito wa kilo tatu hadi nne. Umetokana na mchezo wa kale uliochezwa kwenye viwanja vya mawe. Kile cha Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya, kina urefu wa mita 168 hivi, kuzidi kiwanja cha soka. Wacheza ulama hujifunga ngozi kiunoni, na bado hutoka na michubuko.

Jina lenyewe ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu. Kwa Kinahuatl, "olli" ni utomvu wa mpira, na kutokana nalo likaja neno la kucheza, kisha jina la mchezo. Watu wa huko walikuwa wakichanganya utomvu wa mti na maji ya mtambaazi fulani ili uwe mgumu na wa kudunda, na mipira ya zaidi ya miaka 3,500 imechimbuliwa matopeni huko Veracruz. Wazungu walipofika walishangaa kuona kitu kinachoruka chenyewe. Tazama sasa Kiswahili: mpira ni ile mali inayotoka mtini, ni kitu cha duara anachokipiga mtoto, ni mchezo wenyewe ("leo kuna mpira"), na ni ile soli ya katambuga. Mnahua angetuelewa bila mkalimani. Mwingereza hana neno moja linalobeba yote hayo.

Kwa hiyo andika ulama, a moja mwishoni, na upatanisho wa u-: ulama unachezwa, ulama umerithiwa, ulama una sheria zake. Wale wengine ni ulamaa, au maulamaa, a mbili, nao ni watu: wanasoma, wanafundisha, na kama ulivyosema, hawachezwi.