Maswali ya Wasomaji: Nimkatalie Anayetaka Kumchapa Bi Tatu?

SWALI

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni mchoraji wa vibonzo, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Kwa miaka minne sasa ninachora, kwa ajili ya gazeti dogo la kila wiki, visa vya Bi Tatu, bibi kizee anayeuza mbaazi na mahamri barazani pake tangu alfajiri. Kila apitaye humpa habari zake, naye hujibu kwa kuguna tu na kuikaza kanga yake kiunoni. Kanga hiyo nimezoea kuichora ikiwa imekunjwa, kwa hiyo jina lake halijapata kusomeka hata siku moja, na wasomaji hawaishi kuniletea ujumbe wa kubahatisha. Mwezi uliopita alinijia mfanyabiashara wa nguo, akitaka kumchapa Bi Tatu kwenye fulana, vikombe na kanga, kwa fedha ambazo kwangu mimi si haba. Moyo unasita, wala sijui sababu. Mjomba wangu anasema ninaipiga teke riziki. Rafiki yangu amenihadithia juu ya Mmarekani aliyekataa mali ya namna hiyo. Je, habari hiyo ni kweli, na mtu huyo alikuwa na akili timamu?

Mchoraji, Ngamiani

JIBU

Ndugu yangu wa Ngamiani, rafiki yako hakukudanganya, na akili za mtu huyo zilikuwa timamu kabisa. Jina lake ni Bill Watterson, aliyechora Calvin and Hobbes, kibonzo kilichoanza kutoka magazetini tarehe 18 Novemba 1985 na kukoma tarehe 31 Desemba 1995, kwa uamuzi wake mwenyewe, wakati kilipokuwa kikichapwa katika magazeti zaidi ya 2,000. Kwa miaka yote hiyo hakukubali wahusika wake wageuzwe wanasesere, fulana wala filamu za katuni. Zilipata kutoka kalenda mbili na vitu vingine vichache mno, basi.

Ili uelewe kwa nini alikataa, ni lazima umjue Hobbes. Calvin ni mtoto wa miaka sita, na Hobbes ni chui milia wake. Wazazi wa Calvin wakimtazama Hobbes, wanaona mwanasesere wa kitambaa, mdogo, aliyelegea, ameegemezwa kitini. Wakiisha kutoka chumbani, katika mchoro unaofuata kabisa, chui yuleyule anasimama kwa miguu miwili, mrefu kumpita Calvin, wanabishana juu ya maisha na mauti, na siku nyingine anamrukia mlangoni anaporudi shule hadi wanaviringika majanini. Yupi ndiye Hobbes wa kweli? Watterson alikataa kuamua, na uzuri wote wa kibonzo umekaa katika kutoamua huko. Hebu sasa fikiria kiwanda kinachoshona Hobbes wa kitambaa kwa maelfu na kumpanga madukani. Siku ya kwanza tu ya kuuzwa, swali lingekuwa limejibiwa, na limejibiwa upande wa watu wazima: kumbe alikuwa mwanasesere. Watterson alichukia pia kuona mhusika akirudia kichekesho kimoja kikombeni asubuhi hata jioni, na kuona watu wengine wakichora kwa niaba yake, kwa kuwa yeye alifanya kila mstari kwa mkono wake, pasipo wasaidizi. Lakini kwa maoni yangu hoja ya Hobbes peke yake ingetosha.

Kuna jambo ambalo wasimulizi wengi wa kisa hiki hulipita juujuu. Mwanzoni Watterson hakuwa na haki ya kukataa. Alipokuwa kijana asiyejulikana alitia saini mkataba na kampuni ya kusambaza vibonzo, Universal Press Syndicate, na mkataba huo uliipa kampuni mamlaka juu ya biashara ya wahusika wake. Kampuni ingeweza kuuza vibali bila ridhaa yake. Haikumlazimisha, lakini mvutano ulidumu miaka, na karibu umfanye aache kuchora. Haki hizo alirudishiwa mwaka 1991, mkataba ulipoandikwa upya. Kwa hiyo, kabla hujazungumza tena na mtu wa fulana, itafute karatasi uliyotia saini kwa lile gazeti lako, uisome hadi mstari wa mwisho. Kama hukutia saini yoyote ya kuhamisha haki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda wewe uliyechora, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako.

Hata hivyo, mjomba wako asipuuzwe. Watterson alikataa huku magazeti yakimlipa na vitabu vyake vikinunuliwa kwa mamilioni. Hakukataa akiwa anadaiwa kodi ya nyumba. Wala kuuza si aibu. Charles Schulz, mchoraji wa vibonzo ambaye Watterson mwenyewe alimheshimu sana, aliruhusu mhusika wake Snoopy awekwe kwenye karibu kila kitu kinachouzika, na akaendelea kuchora kibonzo chake, Peanuts, kwa mkono wake tangu mwaka 1950 hadi 2000. Snoopy ni mbwa wa kujigeuza, leo rubani, kesho mwandishi, na kikombe hakimwondolei kitu. Tena kukataa hakuzuii wezi: stika za kuibia zinazomwonyesha mtoto anayefanana na Calvin akikojoa zilienea kwenye vioo vya magari ya Marekani, na Watterson hakupata hata senti.

Sasa nirudi kwako, maana umeniuliza kwa nini moyo wako unasita, na jibu umeliandika mwenyewe bila kuliona. Fulana ya Bi Tatu akiguna ni fulana tu. Vikombe navyo havina neno; pengine vitanywewa chai barazani kama lake. Lakini kanga ni nguo yenye jina, na mwanamke wa Tanga hanunui doti kabla hajasoma jina lake, kwa sababu jina ndilo litakalomsemea kwa jirani, kwa wifi au kwa mke mwenzake. Bi Tatu hasemi. Kwa miaka minne wasomaji wako wamejiuliza kiuno chake kinasema nini, na kila mmoja amemwekea jina linalomuuma au linalomfurahisha yeye. Mfanyabiashara akichapa kanga ya Bi Tatu, atakudai jina la kuandika juu ya pindo la chini, na hapo utakuwa umemsemesha. Ukimwandikia methali yoyote, hata iwe tamu namna gani, wasomaji wengine wote watakuwa wamebahatisha vibaya.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba umkubalie fulana na vikombe, kwa maandishi, kwa muda unaojulikana, mwaka mmoja kwa kuanzia, na kila mchoro uupitishe wewe kabla haujaingia mashineni. Katika mkataba huohuo kiwekwe kifungu kinachosema waziwazi kwamba kanga haimo, wala leso, wala kitambaa chochote chenye maandishi yanayodaiwa kuwa ya Bi Tatu. Akikataa kifungu hicho, mrudishie malipo yake ya awali, kama umekwisha kuyapokea.