Waifai imeshika, intaneti hakuna: kabla fundi hajakupigia Windows upya

Mkuu, hiyo hela ya fundi ishikilie kwanza. Umesema laptopu ukiwa nayo ofisini inaingia mtandaoni vizuri. Ukifika nyumbani inashika waifai, lakini inaandika "No Internet", na muda huohuo watoto wanaangalia katuni YouTube kwenye simu kupitia rauta hiyohiyo. Fundi naye kasema kadi ya waifai imechoka, apige Windows upya. Sasa kadi gani hiyo inachoka jioni nyumbani, asubuhi ofisini inapona? Na kama kadi imekufa kweli, kupiga Windows upya kutaifufua vipi? Hapo fundi anabahatisha.

Yalinikuta haya mwaka 2021, nikiwa Tabata, na rauta ya 4G sebuleni. Siku ya kwanza nilizima rauta nikawasha. Siku ya pili nikaifuta ile waifai kwenye kompyuta, nikaingiza neno la siri upya. Ikakubali, ikaungana, kimya. Nikaongeza na kifurushi nikidhani kimekata, wakati mke wangu amekaa pembeni yangu anachati WhatsApp kama kawaida. Siku ya tatu nikapiga Windows upya mwenyewe. Na ikapona! Nikajiona fundi kweli.

Kumbe sikuwa nimejua chochote. Jumatatu nikaenda kazini, mfumo wa mahesabu hauoni kompyuta yangu, printa nayo haitoi kitu. Nikamwita jamaa wa tehama, akabofya mahali, akajaza namba kadhaa, kazi ikaendelea. Jioni narudi nyumbani, ugonjwa uleule. Ndipo nikaunganisha: zile namba.

Kila kifaa kwenye mtandao kinahitaji anwani ya IP, yaani namba ya kukitambulisha, na nyumbani kwa kawaida rauta ndiyo inayozigawa yenyewe. Ofisini kwetu kila kompyuta ilipewa anwani ya kudumu, imeandikwa kwa mkono ndani ya mashine. Yangu ilikuwa 192.168.10.57, na mlango wa kutokea nje 192.168.10.1. Rauta yangu ya nyumbani ni 192.168.8.1. Kwa hiyo kila jioni kompyuta ilikuwa inautafuta mlango wa ofisini ndani ya nyumba yangu. Ni sawa na mtu kusimama stendi ya Nyegezi, Mwanza, akisubiri daladala ya Gongo la Mboto. Na waifai inaonekana imeshika kwa sababu neno la siri linakaguliwa mapema, kabla habari ya anwani haijaanza. Geti umefunguliwa, ila chumba ulichotajiwa hakipo kwenye nyumba hiyo.

Kwako angalia hivi. Ukiwa nyumbani na waifai imeshika, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye kile kidirisha cheusi andika ipconfig. Yatatoka maandishi mengi, usiyaogope. Tafuta sehemu ya "Wireless LAN adapter Wi-Fi" usome mistari miwili tu, "IPv4 Address" (anwani yako) na "Default Gateway" (ule mlango wa kutokea nje). Kisha chukua simu inayofanya kazi, fungua maelezo ya waifai hiyohiyo, usome namba zake. Kwenye rauta za nyumbani, kwa kawaida mafungu matatu ya mwanzo ya IPv4 yanafanana kwa vifaa vyote. Simu ikisema 192.168.8.102 na laptopu ikasema 192.168.10.57, au namba inayoanza na 10, mchawi umemkamata.

Kumtoa: Windows na R tena, andika ncpa.cpl. Bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", chagua "Internet Protocol Version 4", kisha "Properties" iliyo chini yake. Ukikuta namba zimejazwa, ZIPIGE PICHA kwanza kwa simu. Kesho ofisini utazihitaji, na jamaa wa tehama hapendi kuulizwa mara ya tatu. Halafu weka alama kwenye "Obtain an IP address automatically" na ile ya chini yake ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), bofya OK kote. Mimi ilirudi hewani kabla sijafunga dirisha. Kama kompyuta ni ya mwajiri na inakugomea kubadilisha, huna ruhusa ya msimamizi. Usilazimishe, waambie wenyewe.

Usikubali kubadilisha namba asubuhi na jioni, mimi nilifanya hivyo karibu mwezi mzima kwa ujinga. Mwombe mtu wa tehama akutengee anwani hiyo kwenye rauta ya ofisi, kwa kutambua kadi yako, ili kompyuta ibaki inapokea yenyewe popote. Ni kazi ya dakika chache kwake.

Ukikuta namba inaanza na 169.254, hiyo ni habari nyingine. Maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Zima rauta dakika moja uwashe, kisha kwenye kidirisha cheusi andika ipconfig /release halafu ipconfig /renew. Ikigoma, fungua Device Manager, iondoe kadi ya waifai kwa "Uninstall device", zima kompyuta uwashe. Windows itaipakia tena draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Kama kuna kisanduku cha kufuta na draiva yenyewe, hicho usikiguse, usije ukabaki huna draiva wala mtandao wa kuipakulia.

Na namba zikiwa sawasawa kabisa? Andika ping 8.8.8.8, ni kama kubisha hodi kwenye seva ya Google. Ikijibu, intaneti inafika, shida iko kwenye mipangilio mingine. Hapo mtuhumiwa wangu wa kwanza, kwa kuwa ni kompyuta ya kazini, ni proksi, ile seva ya kati ambayo kompyuta za ofisi hupitia kwenda mtandaoni. Ingia mipangilio ya mtandao, sehemu ya "Proxy", uone kama "Use a proxy server" imewashwa. Ikiwa imewashwa, izime, maana ya ofisini haipatikani ukiwa nyumbani. VPN (programu ya kupitisha mtandao kwa njia ya siri) nayo izime ujaribu. Kisha DNS: kama ping 8.8.8.8 inajibu lakini ping google.com inasema haimpati mwenyeji, andika ipconfig /flushdns na uhakikishe DNS umeiacha ijitafutie.

Tazama na saa, hasa kama mashine ni ya mtumba. Ya shemeji yangu ilikuwa inakataa karibu kila tovuti ikidai muunganisho si salama, kumbe kila akiizima tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta inayoishi zamani inaviona batili. Tulibadilisha kile kibetri cha saa kilicho ndani, CR2032, mambo yakaisha. Lakini kwako ofisini inafungua vizuri, kwa hiyo sidhani.

"Network reset" nayo ipo, wengi watakushauri uanze nayo. Inafanya kazi, ila inafuta waifai zote ulizohifadhi na namba za ofisi pia, halafu unarudi kulekule nilikokuwa mimi: imepona, hujui ilikuwa inaumwa nini.

Fanya hiyo ya ipconfig leo ukirudi nyumbani, uniandikie ile mistari miwili hapa pamoja na namba ya simu inayofanya kazi, namaanisha anwani yake ya IP, si namba ya kupiga. Za 192.168 hazina siri yoyote, kila mtaa zimejaa.