Seli nyeupe huganda, hunata au hushikamana?

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Moshi. Katika kipeperushi kuhusu uvimbe wa jeraha niliandika kwamba "saitokini hugandisha seli nyeupe za damu kwenye mshipa". Mwenzangu anapendelea "hunatisha". Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu muuguzi, ningeviacha vitenzi vyote viwili. Kuganda, damu inapotajwa, kuna kazi yake tayari: msomaji ataona donge la damu, na mgonjwa aliyewahi kuambiwa kwamba damu imeganda mguuni ataingiwa na hofu bure. Kunata kunakaribia zaidi, lakini ni sifa ya upande mmoja. Matope ya masika kwenye njia za Kibosho hunata kwenye kiatu, nacho kiatu hakifanyi lolote.

Ndani ya mshipa kila upande una kazi yake. Saitokini ni protini zinazopeleka ujumbe. Zile ziitwazo TNF na intaliukini-1 zikiufikia ukuta wa mshipa karibu na jeraha, seli za ukuta huo, kwa muda wa saa chache, hutoa juu yake protini za kushikia ziitwazo selektini. Seli nyeupe inayopita hudakwa, ikaachiwa, ikadakwa tena, ikawa inabingirika polepole ukutani badala ya kuchukuliwa na mkondo. Hapo hupata ujumbe mwingine, wa kemokini (saitokini zinazoziita seli), unaozikunjua integrini, yaani protini za kushikia zilizo juu ya seli hiyo yenyewe, nazo hushika protini nyingine za ukuta mpaka seli isimame, kisha ijipenyeze kuelekea kwenye jeraha. Ukuta umeshika, na seli nayo imeshika. Kiambishi -an- katika "kushikamana" kinabeba jambo hilo hilo, ndiyo maana nakipendekeza kitenzi hicho, na "kubingirika" kwa hatua inayokitangulia.

Lipo jambo jingine ambalo naliona zito kuliko uchaguzi wa kitenzi, nalo ni kauli ya kutendesha. Ukiandika "saitokini hushikamanisha seli", msomaji atadhani saitokini ndiyo gundi iliyo katikati, kumbe yenyewe ni mpiga mbiu tu: hutangaza, wengine wakashika. Andika hivi: "Saitokini huuamsha ukuta wa mshipa wa damu, kisha seli nyeupe hushikamana nao." Wala usiyakate maneno "wa damu", kwa kuwa mshipa ukitajwa peke yake, wapo wasomaji watakaofikiria neva, na wengine ngiri.